Mchanganyiko Namba Saba

Baba alikohoa mara moja tu,
kati ya ubeti wa pili na gitaa,
na mwenye studio, River Road, ghorofa ya tatu,
hakutaka kurudia: utepe ni pesa, Mwilu, shuka,
wenzako wamejaa kwenye ngazi.
Akampa shilingi mia tatu na soda ya machungwa.
Baba akatia sahihi kwa dole gumba.

Miaka kumi baadaye nilikuwa nyuma ya duka la saa,
hatua arobaini kutoka ngazi zile zile,
nikirudufu.
Mashine ilimeza kanda moja, ikatapika sita.
Saa nane za usiku nilizijua kwa joto la mota zake.
Nimemsikia baba akikohoa mara nyingi
kuliko mama, aliyelala ubavuni pake.

Mtasema za mwizi ni arobaini.
Zangu nilizihesabu zikapita elfu;
sikushikwa, nikaongezwa mshahara.

Kisha kikohozi kikaja kweli, chenye damu.
Picha ya kifua, kitanda cha Mbagathi, nauli ya mama,
vyote vilitoka kwenye kanda zile.
Alijua. Alikuwa akiniuliza, leso mdomoni,
"Leo nimeuza ngapi?"
Nimeuza, alisema. Si umeuza.
Silabi hiyo moja, ni, imenikwama hadi leo.

Mwaka huu, Luthuli, nikingoja simu ibadilishwe kioo,
spika ya duka la jirani ikakohoa.
Nikageuka kama mtoto aliyeitwa.
Sekunde nne za gitaa, zimekatwa, zimekunjwa, zinajirudia,
na pale ngoma inapopaswa kulia, baba.
Kikohozi. Kikohozi.
Vijana wawili wanakitikisia vichwa.

Nilimtafuta mtengenezaji hadi Umoja:
Shiundu, miaka ishirini na mitatu, trei za mayai ukutani,
godoro mlangoni kuzuia kelele za mchomeleaji.
Nilikuja na maneno makali, nimeyapiga pasi.
Mwizi. Kaburi. Wakili ninayemjua
(simjui wakili yeyote).
Hakubisha. "Mama, nilitafuta jina wiki mbili.
Niliuliza redioni, niliuliza wazee wa Machakos.
Kanda yenyewe haisemi."
Akaitoa kwenye bahasha, taratibu, kama yai.

MCHANGANYIKO NA. 7.
Herufi za bluu, M yenye miguu iliyopinda.
M yangu.

Tuliambiwa tusiandike majina.
Jina hula wino, jina huleta polisi,
nami nilikuwa na kanda mia mbili za kubandika kabla ya alfajiri.
Lakini M ile niliionea fahari.

Kijana akangoja. Nje chuma kilikuwa kikikatwa.
Ningeweza kumwambia kwamba hata baba
aliuokota mdundo ule Kangundo, kwa mwanamke aliyekuwa akitwanga;
kwamba alimtaja kwa jina mwanzoni mwa wimbo,
akamshukuru, akamsalimia na wanawe;
na kwamba mwanzo huo niliukata mimi,
kanda isizidi dakika sitini.

"Anaitwa nani?" akauliza, akinipa peni.
Wino ukagoma mara mbili. Nikailamba ncha.
Nikaandika, chini ya M yangu, Mwilu wa Kasiva,
na kwa kuwa nafasi ilibaki,
jina la yule mtwangaji, nusu ninayoikumbuka.

Tukazungumzia asilimia. Hatukuafikiana.
Nyumbani, nikitafuta miwani,
nikaikuta peni yake mkobani.